Sahani Zilizotoka Safi

Mama Sahani hakupewa jina hilo kwa ajili ya vyombo vya jikoni. Alikuwa fundi wa maabara katika hospitali ya watoto, na kwa miaka ishirini na mbili kazi yake ilikuwa kuotesha vijidudu. Anachukua maji ya uti wa mgongo wa mgonjwa, anayapaka kwenye sahani ndogo ya plastiki yenye rojo lililochanganywa na damu ya kondoo, anaiweka mtungini pamoja na mshumaa unaowaka, anafunika. Mshumaa ukizimika, basi, hewa iliyobaki ndiyo vijidudu vinayoitaka. Kesho yake asubuhi anakuja kusoma.

Alichokiwinda zaidi ni kijidudu cha nimonia, kile kinachotoka mapafuni kikaingia kwenye damu na ubongo wa mtoto. Kikiota huacha duara la kijani kilichofifia. Msimu wa baridi haikupita wiki bila yeye kukimbilia wodini kusema, "Ndicho, badilisheni dawa."

Sasa ilikuwa miezi mitano sahani zinatoka safi. Mwingine angeshukuru. Yeye aliingiwa na hofu. Maana sahani ikiwa mbovu haioti kitu hata mtoto awe hoi, na daktari anajibiwa hakuna tatizo. Ni wangapi alioandika hawana kitu, kumbe wanacho?

Mkuu wa maabara alikuwa mtu wa maneno machache, yote makali. "Mama, ama sahani zako zimekufa, ama macho yako yamekwisha. Ijumaa nipe jibu, la sivyo meza yako naifunga."

Mama Sahani alikuwa na mkosaji wake tayari. Alimkuta mtunza kondoo wa maabara akifagia zizi nyuma ya hospitali, akamvaa pale pale.

"Mzee, kondoo umewachoma sindano za antibayotiki. Dawa imo kwenye damu yao, inaniulia vijidudu."

"Na shikamoo imepotelea wapi?" mzee akasema, ufagio mkononi. "Kondoo wangu sindano wanaisikia tu. Kama wagonjwa huwaoni, labda hawapo."

Mama Sahani alisonya, akaondoka.

Njiani alipita chumba cha chanjo, mabenchi yamejaa akina mama. "Ile ya nimonia mwaka wa tatu huu," nesi alimwambia huku akifuta paja la mtoto. "Siku hizi hata bibi zao hawaugui ovyo, maana hawa ndio waliokuwa wakiwaambukiza." Mama Sahani hayo aliyajua. Alikaa semina nzima, na chakula chao akala. Lakini semina ni semina. Nani angedhani sindano ya pajani ingekuja kumwachia meza tupu?

Njia ya kujua ilikuwa moja: kuotesha kijidudu ambacho hana shaka nacho. Zamani hakukihitaji, wagonjwa wenyewe walimjaribia sahani kila wiki. Sasa akakumbuka kichupa kilichokuwa chini kabisa ya friza, vijidudu vimelala kwenye maziwa ya kuvihifadhi, kibandiko kina namba na mwaka tu. Alikiweka yeye, miaka kumi na moja nyuma. Maji ya uti wa mgongo yaliyoletwa siku ile yalikuwa ya binti yake wa miezi kumi. Aliyapaka kwa mkono wake, na sahani ilipoota, yeye alikuwa ametoka makaburini. Alitakiwa avitupe. Hakuvitupa, na hakumwambia mtu, hata mume wake.

Alhamisi alikwangua kidogo, akapaka kwenye sahani mojawapo ya zile zile, akawasha mshumaa. Visipoota, kuna watoto wamempotea mikononi. Kwa mara ya kwanza maishani alimwomba Mungu vijidudu vile viote.

Ijumaa vilikuwa vimeota, duara la kijani pembeni kama siku ile.

Mkuu aliinama juu ya sahani. "Ala. Mgonjwa yuko wodi gani?"

"Hana wodi. Huyu ni wangu, wa kabla ya chanjo."

Mkuu alisoma mwaka kwenye kibandiko cha kichupa alichoonyeshwa, akavua miwani. "Kwa hiyo sahani ni nzima," akasema.

"Nzima."

Mama Sahani akateremka zizini. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wagonjwa wako umewaona?"

"Hawapo, mzee," akasema. Akaketi kwenye ukuta wa zizi, akalia mpaka kondoo wakaacha kula.