Waliongoja Mvulana Nje ya Leba

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha afya upande wa Soin, nyanya mmoja alinishika mkono nikitoka leba, chumba cha kujifungulia. "Ni nini?" akaniuliza. Hakuuliza kama mke wa mwanawe amepona. Kabla sijafungua mdomo, muuguzi mkuu wa kituo, ambaye sote tulimwita Sista Incharge, akajibu nyuma yangu: "Mama yuko salama na mtoto amelia. Hayo mengine mtajionea."

Tuliporudi ndani akaniambia, "Ukianza na hayo mengine, utakuwa umewafundisha kwamba ndiyo ya maana."

Wakati huo tulisikiliza moyo wa mtoto kwa fetoskopu, kifaa kama tarumbeta dogo ambacho unakiweka tumboni mwa mama kisha unatega sikio. Wengi waliamini kwamba mapigo yale yalituambia kama ni mvulana. Akina mama walikuwa wakinikazia macho nikisikiliza, hata nikaanza kuogopa kukunja uso.

Nilipohamishiwa Kipkelion, nilikozaliwa, mambo hayakubadilika. Kwetu Wagikuyu, mvulana wa kwanza hupewa jina la baba wa mume. Akikosekana, mzee huona amesahauliwa angali hai. Kwa majirani zetu Wakipsigis, shamba la chai lilirithiwa na wavulana. Kila boma lilikuwa na sababu yake, lakini hofu ilikuwa moja.

Kisha nikapelekwa wodi ya wazazi katika hospitali moja upande wa Bomet. Huko kulikuwa na skani, mashine inayoonyesha picha ya mtoto tumboni. Nilidhani itapunguza wasiwasi. Kumbe iliuanzisha mapema.

Nawasimulia habari za Chebet kwa sababu sijaweza kuzisahau. Alikuwa na wasichana wanne, wawili wa mwisho wakiwa wamezaliwa kwa upasuaji. Skani ya mimba ya tano ilionyesha msichana tena. Ilionyesha pia kwamba kondo la nyuma, lile linalomlisha mtoto tumboni, lilikuwa limekaa chini likaziba njia, na limeng'ang'ania kovu la upasuaji. Mimba haijatimia, damu ikaanza kutoka.

Daktari wa upasuaji hakumficha. "Mama, tukimtoa mtoto, huenda damu ikakataa kusimama. Ikikataa, tutatoa kizazi."

Chebet akageuza uso ukutani. "Basi tungoje."

"Hakuna muda wa kungoja."

"Huyu ni msichana, daktari. Mkitoa kizazi, pale nyumbani nitakuwa nani?"

Nilimpima presha, ikawa inashuka. Shuka nililotandika muda mfupi uliopita lilikuwa limeloa. Matroni, mkuu wetu wa wauguzi, akaninong'oneza, "Mlete mume wake. Mwambie ukweli wote, na usimbembeleze."

Kiprono alikuwa kwenye benchi pamoja na mama yake. Nilipomaliza kueleza, mama yake ndiye aliyesema kwanza: "Na hilo shamba la chai litaachiwa nani?"

Kiprono aliinuka akanifuata, mikono yake bado ina weusi wa kuchuna majani ya chai.

Chebet akamgeukia. "Wakitoa, utaoa mwingine?"

"Weka sahihi, Chebet."

"Sijauliza hiyo."

Nilishika mrija wa maji ya mshipani kana kwamba una shida, nipate mahali pa kutazama. Nilitamani aseme uongo. Uongo mmoja tu, tuondoke na kitanda kwenda chumba cha upasuaji.

"Sijui wazee watanisukuma vipi mwaka ujao," Kiprono alisema hatimaye. "Sijui nitakuwa na nguvu kiasi gani. Lakini leo sitaki kurudi kwa wale wasichana bila wewe."

Chebet alilia kidogo, kisha akaomba kalamu.

Mtoto alitoka mdogo, akalia. Damu ikakataa kusimama, kizazi kikatolewa. Nilikwenda kwenye benchi nikasema mama yuko salama na mtoto amelia. Mama yake Kiprono alijifunika uso kwa leso, na hadi leo sijui alikuwa analilia nini.

Miaka ilipita. Siku moja nikakutana na Chebet sokoni Bomet, msichana wa tano amebeba kabichi kando yake. Nikamuuliza habari za nyumbani.

"Hajaoa mwingine," akasema. "Lakini akichelewa kutoka kupeleka majani, natega sikio nisikie kama amekuja na mtu. Mlinitibu vizuri, Sista. Ni kungoja tu ndiko hakujaisha."

Nilimsaidia kuchagua nyanya.

Sasa nimestaafu. Uchungu wa kuzaa nilifundishwa kuupunguza, na damu nilifundishwa kuipigania. Hofu ya wale wanaongoja mlangoni sikufundishwa chochote juu yake, na sijui kama wanaofundishwa leo wanaambiwa.

Juzi msichana wa jirani, aliyeolewa karibuni, alikuja kwangu na karatasi ya skani mkononi. Mama mkwe wake alikuwa amesimama langoni kwangu.

"Sista, nitamwambia nini?" aliuliza.

"Mtoto ana afya?"

"Wamesema ana afya."

Nikavaa viatu. "Twende," nikamwambia, "tukamwambie hivyo."