Upanga wa Jogoo

Mbeke, mjane wa Maweu, hajui kusamehe, na mimi jirani yake sijamwomba ajaribu. Amefuga kuku hapa Kitengela miaka kumi na mmoja. Mwaka jana alienda kuzungushia ua shamba aliloachiwa na marehemu kule Mashuuru, shemeji yake Munguti akamkuta huko na kumkata kwa panga mkono wa kulia, chini kidogo ya kiwiko. Kisha mwanaharamu yule akatangaza sokoni, "Huo mkono hautainuka tena. Tuone atashika jembe na nini." Maneno hayo yalimuuma Mbeke kuliko panga lenyewe.

Kidonda kilishonwa, kikafumuka, kikakataa kufunga kwa miezi minne. Ndipo nesi Ann wa zahanati ya mtaani akaleta jeli isiyo na rangi.

"Hii iko na asidi ya hyaluroni," alisema. "Hata mwili yako inaitengeneza. Inashika maji kwa kidonda, nyama mpya ipate njia. Zamani walikuwa wanaitoa kwa ile kitu nyekundu iko kichwa ya jogoo. Siku hizi sana sana wanatumia bakteria."

"Upanga?" Mbeke akauliza.

"Eeh, upanga ya jogoo."

Mbeke akacheka kicheko kibaya. "Panga inikate, upanga inishone!"

Baada ya wiki tatu kidonda kilikuwa kimepungua nusu. Hapo ndipo alipofanya upuuzi. Kesi ya kukatwa kwake ilikuwa karibu kusikizwa Kajiado, naye akaogopa kwamba hakimu akiona ngozi safi atamwachilia Munguti. Akabandua bandeji, akaiosha jeli yote kwa maji ya chumvi, akisaga meno. Msiniulize nilikuwa wapi. Mimi ndiye niliyemshikia beseni, kwa sababu nami nilitaka Munguti afungwe.

Ann alipokiona kidonda alifoka. "Picha za kila wiki niko nazo. P3, ile fomu ya majeraha, polisi wako nayo. Hakimu atafanya nini na usaha? Munguti alianza hii kazi, mama, na wewe unammalizia?"

Kisha Mbeke akanyoosha mkono apakwe upya.

Kidonda kilipofunga, alianza kuinua kikombe cha maji, halafu jagi, halafu debe la chakula cha kuku. Kila alipoinua alitaja jina la Munguti, na si kwa maombi.

Kortini Kajiado, karani alimpa Biblia na kumwambia ainue mkono wa kulia. Munguti alikuwa kizimbani, anatabasamu. Mkono ukapanda, ukafika begani, ukapita kichwa. Mkono wa sweta ukateleza, kovu likaonekana. Tabasamu la Munguti likaisha. Mbeke akala kiapo chote bila kutetemeka.

"Unaweza kushusha sasa," karani akasema.

"Ngoja kidogo," Mbeke akajibu, macho kwa shemeji yake. "Huyu bado hajaona vizuri."