Emerensiana na Meza za Watu

Emerensiana alipopewa barua ya kupunguzwa kazi mwaka 1993 alikuwa na miaka thelathini na minane, magoti yake yalishaanza kuuma, na nyumbani alikuwa na mtoto wa marehemu dada yake aliyekuwa darasa la sita. Kwa miaka kumi na minne alikuwa mhudumu katika nyumba ya wageni ya shirika moja la umma mjini Njombe. Alitandika vitanda, akafua mashuka kwa maji ya baridi, akapanga meza za chakula. Shirika lilipovunjwa nyumba iliuzwa kwa mtu binafsi, na wahudumu wakaitwa ofisini mmoja mmoja. Emerensiana alitoka mle na kiinua mgongo kidogo, mablanketi mawili, na ujuzi mmoja ambao mwenyewe hakuuhesabu kuwa ujuzi.

Aliupata kwa bahati mbaya. Mwaka mmoja kabla, karani wa pale alioa, na sherehe ikafanyika katika ukumbi wa nyumba ileile. Ilikuwa mwezi wa saba. Sakitu, ule umande unaoganda kuwa barafu, ilianguka usiku uleule wa kuamkia harusi, ikaunguza bustani nzima. Asubuhi mawaridi yalikuwa meusi, yamelegea kama mboga iliyochemshwa. Yaliyopona ni yale ya chini ya baraza, hayafiki dazeni, na meza zilikuwa kumi na tano. Emerensiana akayachambua petali mojamoja, akazilaza juu ya maji katika bakuli za kioo za kuwekea matunda. Maua yakatosha meza zote. Wageni waliinama kutazama, na hakuna aliyeuliza vyombo vya maua viko wapi.

Baada ya kuachishwa alihamia Makambako, akapanga vyumba viwili huku kwetu Lyamkena, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Makambako wakati huo ilikuwa inakua kila ukiamka: malori ya Songea na ya Mbeya, maduka mapya ya watu waliotoka mikoa ya mbali, mitumba, redio, vitambaa vya kila rangi. Watu waliokuwa wakiozesha kwa pilau uani sasa walitaka ukumbi, kamati na kadi za michango. Walitaka meza zipendeze, lakini pesa ya maua ya kupanga hawakuwa nayo. Hapo ndipo Emerensiana alipopata nafasi.

Kila kitu chake kilitokana na vile ambavyo wenzake walitupa. Asubuhi alipita kwa wakaanga chipsi wa stendi kuomba maganda ya mayai yaliyopasuka vizuri katikati. Aliyaosha, akayeyusha mabaki ya mishumaa aliyopewa kanisani, akamimina hadi nusu ya ganda na kusimamisha utambi wa uzi wa pamba. Ganda hilo lilielea bila kupinduka. Bakuli za kioo alinunua mbilimbili sokoni mpaka zikafika thelathini na mbili, akazisafirisha ndani ya matenga ya nyanya yaliyojazwa maranda ya mbao. Maua aliyafuata Njombe kila Ijumaa, mtaa wa Ramadhani, kwa mjane mmoja aliyeitwa Germana, mwenye ua wa mawaridi kuzunguka nyumba. Germana alimwuzia yale yaliyokaribia kupukutika, kwa sababu wengine wote walitaka machanga. Emerensiana alikuwa amegundua kwamba ua likishafunguka kabisa, petali zake zinakuwa pana na zinakaa juu ya maji kama visahani. Alizifunga ndani ya majani ya kabichi yaliyoloana, akarudi nazo Makambako jioni.

Ukisikia hivyo unaweza kudhani ilikuwa kazi nyepesi. Nilimsaidia mara mbili tatu, kwa hiyo najua. Maji lazima yawe ya baridi, la sivyo petali zinakuwa kahawia kabla bwana harusi hajaingia. Bakuli likibaki na mafuta hata kidogo, petali zinagandamana upande mmoja. Mikono inakaa majini tangu asubuhi, na kwa baridi ya huku ngozi inapasuka kwenye viungo vya vidole. Sherehe ikianza yeye alisimama nyuma karibu na mlango wa jikoni, ameshika beseni, akiangalia mshumaa gani umezama na mtoto gani ametia mkono kwenye bakuli. Hakuondoka mpaka wageni waishe, maana bakuli zilikuwa zake na zilikuwa zinapungua. Jumapili alifika misa ya pili akiburuta miguu. Ijumaa safari inaanza tena.

Hakulalamika sana. Alichosema mara nyingi ni kwamba amechoka, na alikisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Yule mtoto aliitwa Priska. Mama yake, Anyisile, dada mkubwa wa Emerensiana, alifariki Makete mwaka 1989, miezi michache baada ya mumewe, katika miaka ile ambayo nyumba nyingi za kule zilibaki na bibi na wajukuu. Priska alikuwa na miaka tisa alipokuja na kijifuko cha nguo. Emerensiana hakuwa ameolewa, na baada ya hapo hakuolewa. Walikaa wawili. Mtoto alikua akichambua petali, akijua kutenganisha za ndani na za nje kabla hajajua kusuka nywele zake mwenyewe. Alipomaliza shule alijifunza ushonaji, akapata kibanda chenye cherehani karibu na soko.

Mwanzoni mwa mwaka 1999 Priska akaposwa na Kristofa, fundi magari, kijana mtulivu aliyependwa na wote. Emerensiana alifurahi kwa namna yake. Bila kumwambia mtu alienda kwa Germana mwezi mzima kabla ya harusi, akamwomba asimwuzie mtu mwingine maua meupe ya Juni. Germana alimjibu kwamba ya harusi ya Priska hayana bei. Emerensiana akaanza kuweka maganda ya mayai, akichagua yale meupe peke yake.

Siku moja jioni Priska alirudi kutoka kwenye kikao cha kamati, akasema kwa haraka haraka, huku akivua viatu, kwamba meza zitapambwa kwa maua ya plastiki. Duka la Abdulsalam lilikuwa limeleta mzigo kutoka Dar es Salaam, mawaridi ya plastiki yenye hata matone ya umande ya kubandika, na mkewe Abdulsalam, Bibie, angeyakodisha kwa siku moja. Kamati imeshakubali.

Emerensiana alikuwa anapepeta mchele. Aliendelea kupepeta. Akasema sawa, kama kamati imeamua.

Wiki mbili baadaye alikuja kwangu akiwa na uso wa mgonjwa. Aliniambia anamwelewa mtoto. Maua ya plastiki yalikuwa yamemnyang'anya harusi nne tangu mwaka uanze, na hakumlaumu mtu, kila mmoja anataka cha kisasa. Ila hakujua kwamba Priska anamwonea aibu. Alikuwa amekwenda kwa Germana kufuta ombi lake la maua, na Germana hakuuliza sababu, jambo ambalo lilimwumiza zaidi.

Sijui kama nilifanya vizuri, lakini kesho yake nilipita kibandani kwa Priska, nikamweleza. Aliacha kushona. Akaniambia nikae nilinde cherehani, akaondoka na tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni. Yaliyofuata nilisimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na hayakutofautiana.

Alimkuta Emerensiana uani, anayahesabu maganda ya mayai ili ayatupe.

"Mama mdogo, nani kakwambia nakuonea aibu?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimeona mwenyewe."

"Umeona vibaya. Tangu nina miaka tisa sijakuona umekaa kwenye harusi. Unasimama mlangoni na beseni. Ukipamba wewe, na kwangu utasimama mlangoni. Mimi nani atakaa upande wa mama yangu?"

Emerensiana aliliweka chini ganda alilokuwa ameshika. Kisha akauliza kwa nini hakusema hivyo tangu mwanzo.

"Ningesema ungekataa. Ungesema utapamba na utakaa. Nakujua."

Hiyo ilikuwa kweli, na Emerensiana alijua kuwa ni kweli. Alinieleza kwamba hakulia pale. Alijisikia tu mwili mzima umelegea, kama vile kuna mtu alimtua mzigo bila kumwonya.

Harusi ilikuwa Juni, katika ukumbi wa parokia. Emerensiana alivaa kitenge alichoshonewa na Priska, viatu vya kuazima kwangu, akaketi meza ya mbele mkono wa kulia wa bibi harusi. Mbele yake palikuwa na chombo cha mawaridi ya plastiki, mekundu sana. Nilimwona akigusa petali moja kwa kidole, akaiachia. Dakika za mwanzo alikuwa anageuka geuka kuangalia mlango wa jikoni. Mhudumu alipomletea soda alinyanyuka nusu, akitaka kuipokea trei yote, na Priska akamrudisha chini kwa kumshika mkono.

Zikaanza hotuba. Upande wa Kristofa walikuwa na wazee watano, na kila mmoja alikuwa na neno. Wa tatu alipokuwa katikati ya nasaha zake, watu wakaanza kugusana. Emerensiana alikuwa amelala. Hakusinzia tu, alilala kabisa, kichwa kimeegemea bega la bibi harusi, mdomo wazi kidogo. Mshereheshaji alitaka kumwamsha kwa utani kwenye kipaza sauti. Priska akamtikisia kichwa, na mshereheshaji akaachana nalo. Priska akakaa wima bila kusogea mpaka hotuba ya tano ikaisha, shela yake imebanwa chini ya kichwa cha mama yake mdogo. Aliamshwa wakati wa keki. Aliona haya sana, ila waliokuwa karibu walishaangalia pembeni.

Jumatatu Bibie alikuja Lyamkena kuchukua maua yake. Akiwa anayahesabu alimwambia Emerensiana kwamba Yasmini wake anaolewa mwezi wa kumi, na kwamba ameuza na kukodisha plastiki mwaka mzima lakini kwa binti yake anataka petali za kweli majini, kwa sababu kwao utotoni harusi ilinukia. Alitaka meza thelathini.

Emerensiana alimjibu kwamba atafanya kumi na mbili. Bibie akasema fedha si tatizo. Emerensiana akasema anajua, lakini anazoweza ni kumi na mbili, na saa ya kula atahitaji kiti.

"Kiti utapata, mama Priska," Bibie akasema.

Baada ya hapo alipamba harusi kama sita hivi, zote ndogo. Mwaka 2001 aliziuza bakuli zilizobaki kwa mama mmoja wa mgahawa, akahamia Njombe kukaa na Germana, ambaye macho yake yalikuwa yanafifia. Nilipowatembelea niliwakuta barazani wakiota jua la saa nne, wamejifunika blanketi moja magotini, hawazungumzi. Niliuliza kama wamepumzika. Emerensiana alisema ndiyo, kidogo, akanisogezea kigoda.