Mbabula Isiyowaka Chini

Darasa langu la tano lilikuwa halipendi sayansi, na mimi, niseme ukweli, nilikuwa sipendi kuliona linavyosinzia. Kitabu kimeandikwa kwa Kifaransa. Watoto wanakariri kama rozari: hali za maada ni tatu, kigumu, kimiminika na gesi. Ukiwauliza gesi ni nini, wanakuangalia kama mbuzi anavyoangalia gari.

Mimi si mtu wa kuvumilia sana. Ijumaa moja nikafunga kile kitabu, nikawaambia leo tutasema Kiswahili, na tutashika vitu kwa mikono.

Kigumu hakikutusumbua. Ukitoka tu nje ya darasa letu, kila kitu ni jiwe jeusi la volkano: ukuta, njia, hata choo. Nikaokota moja, nikaliweka mezani. "Hili nalo lilikuwa uji," nikasema. "Lilishuka mlimani likiwaka, likapoa, sasa tunajengea nyumba." Hakuna aliyebisha. Mtoto wa Goma hafundishwi kwamba jiwe linaweza kutiririka. Kisha nikachukua bidoni la maji, nikayamimina kwenye kikombe, nikayamimina kwenye sahani, wakaona yanavyofuata umbo la chombo. Sawa. Tukafika kwenye gesi, na darasa likalala.

"Ni hewa tu, Madamu," akasema msichana wa dawati la mbele. "Haiko kitu. Ni bure."

Msichana huyo alikuwa mgeni kwetu. Wazazi wake walikuwa wametoka upande wa Butembo, baba yake akifanya biashara ya maharage, na ndiyo kwanza walikuwa wamehamia nyumba mpya kwenye njia ya Sake. Alikuwa na mdomo mwepesi. Watoto wa mdomo mwepesi mimi nawapenda, hata wakiniudhi.

"Bure?" nikamwambia. "Wewe ngoja."

Nikaweka beseni mezani, nikasimamisha ndani yake mishumaa miwili, mmoja mrefu na mwingine mfupi niliokuwa nimeukata kwa kisu. Nikaiwasha yote. Kisha nikatia ndani ya jagi ile bikarbonati wanayotia mama zetu kwenye mandazi, nikaimwagia siki. Ikatoa povu, ikachemka bila moto, watoto wakanyanyua shingo. Povu lilipotulia nikainamisha jagi juu ya beseni, polepole, nikiangalia siki isimwagike. Hakuna kitu kilichoonekana kutoka. Lakini mshumaa mfupi ukazimika. Ule mrefu ukaendelea kuwaka kana kwamba hakuna jambo lililotokea.

"Ayaa! Madamu ni muchawi!"

Darasa zima likapanda juu ya madawati. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nilipowatuliza nikawaeleza: gesi ni kitu, na ina uzito. Hii iliyotoka kwenye jagi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inashuka chini, inakaa shimoni kama maji, inajaza chini kwanza. Mshumaa mfupi umezama. Hatukuyaona hayo maji, lakini umezama.

Ndipo yule msichana akapiga makofi. "Madamu, ni kama mbabula yetu!"

"Mbabula gani?"

"Ile jiko ya makala mama anapikia. Kwa nyumba ya mupya, ukiiweka chini, haiwake. Moto unazima. Ukiiweka juu ya meza, inawaka muzuri. Mama anasema fundi alimupatia mbabula ya ovyo."

Wenzake wakaangua kicheko. Mimi changu kilinikatika.

Watu waliokaa Goma siku nyingi wana jina la gesi ya namna hiyo: mazuku, upepo mbaya. Unatoka kwenye nyufa za mawe, hauna rangi, unajikusanya mabondeni. Mbuzi anaingia kula majani, hatoki. Mtu mzima anapita palepale akipiga mluzi, kwa sababu pua yake iko juu. Mimi mwenyewe, mtu wa upande wa Bukavu, sikulijua neno hilo mpaka nilipohamia hapa, na ni jirani aliyenifundisha. Sasa hawa watu wa Butembo, nani angewafundisha?

"Nyumba yenu iko wapi?" nikamuuliza. "Iko juu ya mawe, ao iko shimoni?"

"Iko kwa kabonde, Madamu. Papa alipapenda sababu kuko udongo, hakuna mawe ya kuvunja. Na upepo haufike."

"Muko na kuku?"

"Walikufa wote. Papa anasema ni ugonjwa."

"Na usiku munalala wapi?" Sauti yangu ilikuwa imepanda.

"Juu ya magunia ya maharage, sisi wote. Yamepangwa mingi, karibu kwa mabati. Lakini leo camion inakuja kuyabeba, leo tutalala muzuri, chini, kwa mukeka mupya." Akatabasamu. "Ni mutoto wetu tu ndiye hapendi chini. Ukimuweka tu, analia, analia, mupaka mama amubebe. Papa anasema mama anamuharibisha."

Leo! Yesu Maria! Watoto nikamwachia mwalimu wa darasa la jirani, nikachukua ule mshumaa mrefu na kiberiti, nikamshika msichana mkono, tukapanda pikipiki.

Tulipofika, camion ilikuwa imekwisha kwenda. Nyumba ilikuwa nzuri, mbao mpya, mabati yanang'aa, chini kabisa ya kabonde kama alivyosema. Ndani magunia hayapo, pamefagiliwa, mkeka umetandikwa. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, ameshika kichwa. Kila akiinama kufagia, alisema, kichwa kinamuuma.

Baba akatoka mbio. Mwalimu akija nyumbani na mtoto saa za masomo, mzazi anajua kuna kesi. "Karibu, Madamu. Huyu amefanya nini tena?"

"Hajafanya kitu, Papa. Amewaokoa."

Nikamweleza. Alinisikiliza kwa adabu, maana alikuwa mtu wa adabu kweli, lakini niliona haimwingii. Ile nyumba alikuwa ameijenga kwa mikono yake. "Madamu," akasema, "hapa tumeomba. Tumenyunyiza maji ya baraka kwa kila kona."

"Maji ya baraka ni mazuri, Papa, lakini hayafukuze gesi!"

"Niko ndani humu tangu asubuhi. Sijakufa."

"Sababu wewe uko murefu!"

Nilipiga kelele, ndiyo. Hasira yangu na woga wangu ni ndugu, wanatembea pamoja. Nikampa mshumaa. "Shika wewe mwenyewe. Usiniamini mimi."

Akauwasha, akaingia nao. Kifuani uliwaka. Kiunoni uliwaka. Akaushusha mpaka magotini, na hapo mwali ukawa mwembamba, ukazimika.

"Ni upepo," akasema. Akafunga mlango. Mimi na msichana tukachungulia dirishani. Akawasha tena, akashusha, ukazimika palepale. Mara nyingine tena, kwenye kona ya pili, palepale. Akachuchumaa kutaka kuona vizuri, na nikamsikia akikohoa na kupiga chafya kama aliyenusa pilipili. Nikaingia, nikamvuta shati, nikamtoa nje.

"Inachoma," akasema akijifuta macho. "Inachoma puani."

"Na huu ni muchana," nikamwambia, sasa polepole, maana hasira ilikuwa imeniisha na kubaki huruma. "Usiku upepo ukitulia inapanda zaidi. Musilale humu, Papa. Hata leo."

Baba alikuwa anaangalia mkeka kupitia mlangoni. Mama alikuwa ameelewa kabla yake. Aliuvuta nje kwa fimbo ndefu, akaukunja, akamwambia msichana akusanye sufuria, waende kwa majirani wa juu penye mawe. Hakumlaumu mumewe hata kwa neno moja. Msichana akanipita na sufuria kichwani, akaninong'oneza, "Madamu, haiko bure."

Baba akamsogelea mkewe, akafungua kitenge, akamtoa mtoto mgongoni. Kadogo kweli, hata meno hakana. Akakainua juu kabisa ya kichwa chake, mikono miwili imenyooka, kama mtu anayevuka mto na mzigo usiotakiwa kulowa.

"Pole, papa," akakaambia, kama tunavyowaita watoto wetu wa kiume. "Pole sana, papa yangu. Kumbe kila siku ulikuwa unatuambia."