Mikono Nyuma

Chuoni Arua nilisoma na mwenzangu kutoka Koboko ambaye mikono yake haikujua kutulia. Akisimulia jambo kwa Kiswahili, mikono ilikata hewa na kumpiga begani aliyekaa karibu. Lakini akiitwa mbele ya darasa aongee Kiingereza, aliificha mgongoni na kusimama wima kama mshtakiwa. Nilimchunguza muhula mzima. Siku moja, tukinunua chapati nje ya geti, nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza kwa nini.

Alishangaa. Hakujua kwamba bado anafanya hivyo. Shule ya msingi, alisema, walikariri Kiingereza mikono nyuma, ukiitoa, fimbo.

Nilimcheka mpaka machozi yakanitoka. “Mtu mzima, bado unamwogopa mwalimu wa darasa la tatu!”

Aliniacha nimalize. Kisha akasema, kwa Kiswahili chetu cha huku, “Na wewe? Miaka mbili tuko pamoja. Wewe ikiongea Kizungu, mimi hapana ona wewe nacheka hata siku moja.”

Nikaanza kutafuta kichwani utani mmoja tu niliowahi kuufanya kwa Kiingereza. Mpaka leo natafuta.