Bata Saba wa Reme

Nianze na mwendo wake, maana ndio ulioleta balaa lote. Wifi yangu Remedios, Reme kwa sisi wa mtaa wa La Viña, aliugua polio akiwa na miaka mitatu, ikamwachia mguu wa kushoto mfupi. Akitembea, mguu unarushwa nje, nyonga inapanda, mkono wa kulia unaruka juu asije akaanguka, halafu mruko mdogo wa kumalizia. Hatua tatu na mruko. Kwa mwendo huo alibeba ndoo za uduvi kutoka gatini hadi meza yake nje ya soko la mji wetu wa Cádiz, miaka arobaini. Na ole wako umpokee ndoo bila kuombwa.

"Umeona nimekufa?" atakuuliza.

Sasa Chari. Huyu alizaliwa nyumba ya pili kutoka kwa kina Reme, wakakua wakigawana hata peremende. Ni Chari peke yake aliyeruhusiwa kumwigiza. Tuko jikoni kwa mama mkwe wangu, dengu ziko motoni, Chari anainuka, anarusha mguu, mkono juu, mruko, na Reme mwenyewe anacheka mpaka anashika mbavu. Lakini mambo ya jikoni ni ya jikoni, jamani. Si hayo ndiyo tuliyofunzwa?

Chari na binamu zake watatu walikuwa na kikundi cha kuimba kwenye harusi, Las Mojarritas, jina la visamaki vyetu vya kukaanga. Sauti walikuwa nazo. Simpendi, lakini masikio yangu ni mazima. Kiangazi cha mwaka tisini na nne wakarekodi wimbo, "Pata Pacá", yaani mguu huku, na huo wimbo ukashika dunia kama homa. Meksiko wanaucheza, Japani wanaucheza, watawa wanaucheza, wanajeshi gwaride limevunjika wanaucheza. Na unachezwaje? Mguu nje, nyonga juu, mkono hewani, mruko.

Hata mimi niliucheza. Nasema mwenyewe kabla sijasemewa. Harusi ya binti yangu, nimeinua mkono juu, nimegeuka, namwona Reme amekaa na sahani ya keki mapajani, anatutazama wageni mia mbili tunachechemea. Mkono ukanifia hewani. Nikaenda kukaa karibu naye.

"Wifi, nimekukosea."

"Hujanikosea. Mwendo ni wangu, waache wautembeze. Chari atasema tu ni wa nani."

Akangoja. Akangoja mpaka jioni moja tumo kwenye baa ya pembeni, Chari yuko kwenye televisheni, nywele zimesimama kwa dawa, mtangazaji anamuuliza: mchezo huu mmeutoa wapi? Chari akacheka. "Bibi yangu shambani alikuwa na bata kilema. Tulimwiga yeye!"

Baa nzima ikaangua kicheko. Reme akaweka glasi yake chini polepole, akaelekea mlangoni, hatua tatu na mruko, na mpumbavu mmoja akalia, "Kwaa! Kwaa!" Jina likamganda hapo hapo. Miaka ishirini na mitano wifi yangu anaitwa Bata, na wanunuzi, na wauza samaki, na watu ambao mama zao walinunua uduvi kwake tangu wao hawajazaliwa.

Na nikwambie kitu kimoja. Bibi yake Chari hakuwa na shamba. Aliishi ghorofa ya tatu, na mfugo wake wote ulikuwa chiriku mmoja kwenye kizimba dirishani.

"Nataka neno moja tu," Reme aliniambia. "Aseme kwa mdomo wake, hapa hapa La Viña, mwendo huu ni wa nani. Hela zake akae nazo."

Chari akahamia Madrid. Kila Krismasi alituma kadi yenye picha yake. Meza ya Reme ilikuwa na mguu mmoja mfupi, kadi zote zikaishia chini yake. Hakuna mwaka alioisoma.

Basi mwaka wa ishirini na tano wa wimbo, watu wa mtaa wakaamua kumtundikia Chari kibao cha marumaru ukutani alipozaliwa. Jumapili ya karnivali, saa sita mchana. Nilimletea Reme habari nikidhani atatukana. Aliendelea kuchambua uduvi.

"Wifi, ile cherehani yako bado inafanya kazi?"

"Inafanya. Wataka nikushonee nini?"

"Bata saba."

Hapo ndipo nilipoelewa, na moyo wangu ukanidunda kwa raha. Kwetu, siku za karnivali, yeyote anaweza kuimbiwa usoni, awe meya, awe kasisi. Na anayeimbiwa ana sheria yake: anasimama mpaka wimbo uishe, na anacheka. Ukikimbia, umejimaliza, Cádiz haitakusahau mpaka wajukuu zako.

Nilipasua mito mitatu kupata manyoya. Tulikuwa wanawake saba wa sokoni, mimi bata mnene kuliko wote. Reme alivaa kibibi, kitambaa cheusi kichwani na fimbo mkononi. Chari alisimama chini ya kibao chake, koti jeupe, maua mkononi, mtaa umejaa pomoni. Tukapenya, ngoma ikalia.

*Sisi bata wa bibi, tumetoka shambani,*
*ghorofa ya tatu, kizimba dirishani;*
*tumezunguka dunia, tumefika Japani,*
*tunamtafuta mama: mwendo huu wa nani?*

Mguu nje, nyonga juu, mkono hewani, mruko! Watu hoi kwa kicheko. Chari naye alicheka, mpaka wazee wa mtaa walipoanza kunong'onezana habari za yule chiriku. Hapo meno yakabaki nje, macho yakaacha kucheka. "Wa nani? Wa nani?" mtaa mzima ukadakia.

Reme akaitupa fimbo. Akamwendea Chari mbele ya watu wote, hatua tatu na mruko, hatua tatu na mruko. Kelele zikazimika. Mama mmoja mgeni, simu yake juu, akaniambia, "Mbona huyu anacheza vizuri kuliko nyie?"

"Hachezi," nikamwambia. "Anatembea."

Chari akawa mweupe kama koti lake. "Reme, mbele za watu?"

"Mbele za watu ulisema bata."

Chari akainamisha kichwa. "Ni wako."

"Sijasikia. Na sauti unayo, dunia nzima inaijua."

"Mwendo ni wa Reme!" Chari akapaza sauti, nayo ikakatika katikati. "Niliutoa jikoni kwa mama yake. Nikaona haya kusema nimemcheza rafiki yangu kilema chake, nikasema bata." Machozi yakamwagika, maua yakaanguka, akafungua mikono. "Nisamehe, dada yangu. Nisamehe."

Mimi hapo mdomo wangu wa bata ulikuwa umeloa, gundi inaachia. Nilidhani watakumbatiana. Reme alimtazama kutoka juu mpaka chini, bila haraka yoyote.

"Nimekusikia," akasema.

Kisha akatugeukia. "Jamani, wa nyuma hawakupata maneno. Tangu mwanzo."

Tuliimba mara sita. Sheria ni sheria: mara zote sita Chari alisimama chini ya marumaru yake, machozi yakimtiririka, akicheka.