Namba Aliyoificha Karani

Kwa miaka kumi na minane alikuwa karani wa masjala ya hospitali, na kazi yake ilikuwa kutafuta mafaili. Mgonjwa akifika dirishani na kadi, yeye ndiye aliyeingia kati ya rafu, akapanda ngazi, akashuka na faili mkononi na vumbi mabegani. Wenzake walisema hata kichwa chake kina rafu.

Mwaka mmoja bima zikaanza kurudisha madai ya hospitali kwa sababu magonjwa yaliandikwa ovyo. Kila ugonjwa una namba yake, herufi moja na tarakimu, na namba isipoendana na matibabu bima hailipi. Mkuu wa masjala, mama asiyependa maneno mengi, alimwita akamwambia kompyuta zinakuja, na mtu wa kupanda ngazi hatahitajika tena. Akamshauri asome kazi ya kupanga namba hizo: aanze na cheti, kisha stashahada, na Mungu akipenda hata shahada.

Alirudi nyumbani mnyonge. Alikuwa na miaka arobaini na moja, na alipofanya mtihani mara ya mwisho hakuwa na mvi hata moja. Mkewe, ambaye alikuwa fundi cherehani, alimsikiliza bila kuacha kukanyaga mashine. Alipomaliza kusema, mkewe alimpa kipande cha karatasi ya kukatia mashono, akamtaka aandike mwaka huu atafanya nini, mwaka kesho nini, na mwaka unaofuata nini. Akaandika. Mistari mitatu tu, lakini ilikuwa mara ya kwanza kuyaona maisha yake yakiwa mbele badala ya nyuma.

Tangu siku za uchumba yeye alimwita mkewe Fundi, na mkewe alimwita Karani. Ikawa kila jioni Fundi anakiegemeza kitabu cha namba kwenye cherehani na kumwuliza maswali huku akishona. Akikosea, anaguswa begani kwa rula. Miezi ilivyokwenda Fundi akazijua namba kumshinda mwanafunzi mwenyewe, zikawa lugha ya mle ndani. Karani akirudi amenuna, Fundi humwambia binti yao, aliyekuwa kidato cha pili, "Mpe baba yako chai, leo ana R51," yaani kichwa kinamuuma. Jirani mmoja aliyelalamikia afya yake kila siku walimpa herufi Z, ya watu wanaofika hospitali bila kuumwa.

Kisha Fundi akaanza kusukuma sahani pembeni. Alisema ni kiungulia. Karani aligundua jambo lingine siku alipoiona sketi ya zamani ya mkewe ina uzi mpya kiunoni: Fundi alikuwa ameipunguza mwenyewe, mara mbili, bila kumwambia mtu. Alimpeleka hospitali siku iliyofuata. Wakampitisha kamera tumboni, wakakata kinyama cha kupima, wakamwambia arudi Alhamisi kwa daktari.

Wakati huo Karani alikuwa akijifunza kazi kwa vitendo katika ofisi ya bima ya hospitali ileile, iliyokuwa chini ya mkuu yuleyule. Jumanne asubuhi alilikuta faili la mkewe kwenye rundo lake. Alipaswa kumpa mwenzake. Alilifungua. Safari hii daktari alikuwa ameandika kwa mwandiko unaosomeka. Namba yake ilikuwa C16, saratani ya tumbo, na chini yake maelezo kwamba imeshafika kwenye ini. Karani alijifungia chooni hadi mkuu alipotuma mtu kumtafuta.

Alikuwa ameapa kutunza siri za wagonjwa, na mgonjwa huyu alikuwa bado hajaambiwa. Alipofika nyumbani alipita moja kwa moja kwenda kunawa uso. Fundi alikuwa anashona upindo wa suruali ya shule.

"Karani, faili langu limepita kwenu?"

"Limepita."

"Wameniandikia namba gani?"

Akajibu K25, vidonda vya tumbo. Fundi alikata uzi kwa meno, akaikunja ile suruali vizuri.

"Ingekuwa K25 ungeisema ukiwa mlangoni," alisema. "Zinazoanza na C nazijua pia. Nilikuuliza zote."

Karani alikaa chini sakafuni, kando ya mashine. Mkewe akamwekea mkono kichwani.

"Alhamisi daktari akiniambia, nitajifanya sijui. Usije ukafukuzwa kazi kwa ajili yangu."

Na ndivyo alivyofanya. Daktari alichagua maneno taratibu, na Fundi akaitikia kwa kichwa, akauliza maswali ya mtu anayesikia jambo kwa mara ya kwanza. Karani alikuwa amejiandaa kwa habari ile, lakini maswali yale yalimshinda. Ilibidi atoke nje.

Fundi aliishi miezi minne zaidi. Alishona alipoweza, na vitambaa asivyoweza kuvimaliza alimtuma binti avirudishe kwa wenyewe, kila kimoja kikiwa kimepigwa pasi. Alimkataza mumewe kukosa darasa. Alifariki Jumapili, na mtihani wa cheti ulikuwa Jumatano. Siku hiyo Karani alikuwa nyumbani amekaa na waombolezaji. Faili la mwisho la mkewe lilishughulikiwa na mkuu mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa, naye Karani hakuwahi kuuliza liliandikwa nini.

Mwaka mzima hakufungua kitabu. Mkuu ndiye aliyeandikisha jina lake kwa mtihani uliofuata bila kumwuliza, akampa tarehe tu. Alifaulu kwa alama za kutosha. Alipopewa meza katika ofisi ya bima aliomba jambo moja, kwamba faili la ndugu wa mfanyakazi lisipite kamwe mikononi mwake. Mkuu aliliandika likawa agizo, na hadi leo linafuatwa.

Sasa yuko mwaka wa mwisho wa stashahada. Ndiye mkubwa kuliko wote darasani, vijana wanamwita Babu na kumletea maswali magumu. Husomea ofisini baada ya kazi, kimya, kisha ndipo huenda nyumbani. Binti aliwahi kujitolea kumshikia kitabu, akamwambia apumzike tu. Siku hizi binti yuko chuoni, huja wakati wa likizo.

Juzi mkuu alimwuliza kama atajaza fomu ya shahada. Alijibu kwamba anafikiria. Fomu anayo, na sifa anazo. Asichokijua ni hiki: akikubaliwa, ataingia nyumbani na kumwambia nani kwanza?